Kutembelea Alpi za Uswisi kwa mara ya kwanza: mwongozo wa siku nne Lauterbrunnen, Grindelwald na Brienz

Kila mwaka likizo zikikaribia, simu yangu haipumziki. Leo ni binamu kutoka Moshi, kesho rafiki wa Mombasa, keshokutwa shemeji aliyeko Muscat, na swali ni lile lile: "Nakuja Uswisi, nataka kuiona milima ya Alpi. Nianzie wapi?" Nimelijibu kwa ujumbe wa sauti mara nyingi sana. Sasa nimekaa nikaliandika, ili kila anayeuliza nimpe huu.

Nimezaliwa Marangu, miguuni mwa Kilimanjaro, na naishi Bern, kwa hiyo milima nimekua nayo. Lakini ya huku ina taratibu zake, na mgeni asiyezijua hupoteza fedha nyingi kwa siku moja. Jambo ninalolishikilia kuliko yote nalisema mapema: usinunue tiketi ya kilele ukiwa bado nyumbani. Wewe panga kitanda tu. Siku ya kupanda hupangwa na anga.

Nazungumzia eneo moja, Berner Oberland: mji wa Interlaken ulio kati ya maziwa ya Thun na Brienz, bonde la Lauterbrunnen, kijiji cha Grindelwald, na milima mitatu inayowasimamia wote, yaani Eiger, Mönch na Jungfrau. Zermatt na kwingineko ni safari nyingine.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uswisi ikiwemo. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inaihitaji. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45. Kibali cha kuishi Uingereza au Oman hakikuondolei viza. Kibali cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kinakuondolea, ila pasipoti uwe nayo mkononi.
- Bima ya safari ya angalau euro 30,000. Isome mpaka uone kama inalipa uokoaji milimani kwa helikopta. Nyingi za bei rahisi hazilipi.
- Nguo za kuvaa kwa tabaka: fulana, sweta, koti lisilopitisha mvua wala upepo, kofia, glavu. Hata mwezi wa saba, juu kunaweza kuwa chini ya nyuzi sifuri.
- Viatu vyenye soli ya meno ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya vya dukani vitakutoa malengelenge siku ya kwanza.
- Miwani ya jua na krimu ya kukinga jua. Theluji hurudisha mwanga usoni, na ngozi nyeusi nayo huungua.
- Faranga za Uswisi. Euro hupokelewa sehemu nyingi za watalii, lakini chenji utaipata kwa faranga na kwa kiwango chao. Sarafu chache ziwe mfukoni. Utaona sababu mbele.
- Adapta. Plagi yetu ya pini tatu nene haiingii. Chaja ya pini mbili nyembamba za duara inaingia.
- Laini ya simu inayotaja Uswisi kwa jina. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, na laini iliyonunuliwa Ujerumani au Ufaransa inaweza kukukata fedha nyingi ukivuka mpaka.
- Programu mbili kwenye simu: SBB kwa ratiba zote za treni, mabasi, meli na magari ya waya (vibanda vinavyopanda mlima vikining'inia kwenye waya), na MeteoSwiss kwa hali ya hewa.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Kwa kutembea kwa miguu, njoo kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Kabla ya hapo njia za juu huwa bado zina theluji. Novemba, na Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, magari mengi ya waya husimamishwa kwa matengenezo, na mgeni hujikuta anatazama milango iliyofungwa. Kwangu mimi mwezi bora ni Septemba: anga huwa tulivu, watu wamepungua, na ng'ombe wanashuka. Hilo la ng'ombe nitalirudia.

Sisi tumezoea jua kuchwa saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Huku Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, na Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni. Panga siku yako ukijua hilo.

2. Kaa kijiji kimoja, usiku nne. Wageni wengi hutaka kulala Zurich, Luzern na Interlaken ndani ya siku nne, na mwisho wa safari wanachokumbuka ni mabegi. Kaa Lauterbrunnen, Wengen au Grindelwald. Wengen na Mürren haziingii magari ya watu binafsi. Unafika kwa treni au gari la waya, na usiku unasikia maji tu. Ukikodi chumba, ulizia kadi ya mgeni. Sehemu nyingi hukupa mabasi ya eneo bila malipo.

Tahadhari ya treni: inayotoka Interlaken Ost hukatwa vipande viwili kituo cha Zweilütschinen. Kimoja huenda Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Soma maandishi ubavuni mwa behewa kabla ya kupanda, kisha usihame. Niliwahi kumsubiri mama mdogo Lauterbrunnen. Treni ikafika, wajukuu wakashuka, mabegi yakashuka, yeye hayupo. Alikuwa amehamia behewa jingine kutafuta kiti cha dirishani, na kiti hicho kikampeleka Grindelwald.

3. Nunua kadi kwanza, tiketi baadaye. Kadi ziko mbili za kufikiria. Swiss Travel Pass inakupa treni, mabasi na meli nchi nzima, na hapa inakufikisha Wengen, Mürren na Grindelwald bila kuongeza kitu; kuanzia hapo kwenda juu inakupa punguzo tu. Swiss Half Fare Card inadumu mwezi mmoja na inakupa takriban nusu bei karibu kila mahali, zikiwemo reli nyingi za milimani. Anayekaa eneo hili siku nne, bila kuzunguka nchi, kwa kawaida ya pili humfaa zaidi. Mwenye watoto walio chini ya miaka 16 aulizie Swiss Family Card.

4. Siku ya kwanza baki bondeni. Umechoka na ndege, na mwili unahitaji kuzoea. Lauterbrunnen kuna maporomoko ya maji 72 katika bonde moja. Staubbach, yenye takriban mita 297, yako dakika chache kwa miguu kutoka kituoni na hayana kiingilio. Maji yake hayafiki chini kama maji. Upepo huyapeperusha njiani yakawa ukungu, na jina lenyewe maana yake ni kijito cha vumbi.

Mchana panda basi la kuelekea Stechelberg ushuke Trümmelbach. Hapa nakuomba usipapite. Ni maporomoko kumi yaliyo ndani ya mwamba, yanayobeba maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau, milima yote mitatu, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Unapandishwa kwa lifti ndani ya mlima, halafu unashuka kwa ngazi zenye maji. Shika reli ya pembeni na utausikia mtetemo mkononi. Unazungumza na mwenzako hakusikii, mnabaki kuonyeshana kwa vidole. Hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba. Watoto walio chini ya miaka 4 hawaruhusiwi, na koti la mvua vaa hata kama nje jua linawaka.

5. Kila asubuhi, tazama kamera kabla ya chai. Vituo vya juu, kama Jungfraujoch, Männlichen na Schilthorn, vina kamera zinazoonyesha hali ilivyo muda huo huo. Fungua picha saa moja asubuhi. Ukiona weupe mtupu, juu hakuna unachokwenda kuona. Ukiona vilele, amsha watu.

Usihukumu kwa kutazama dirishani. Mara nyingi, hasa kuanzia vuli ya huku (Septemba hadi Novemba), bonde hufunikwa na ukungu mzito na juu ni jua kali, unatazama mawingu chini yako kama unavyotazama bahari. Na kinyume chake pia hutokea. Kiangazi cha huku, yaani Juni hadi Agosti, radi huja alasiri, kwa hiyo anayepanda apande mapema.

6. Siku ya anga wazi, panda. Kituo cha Jungfraujoch kiko mita 3,454, na hakuna kituo cha reli kilicho juu zaidi Ulaya. Ujenzi wa reli hiyo ulianza 1896, ikachimbwa ndani ya Eiger na Mönch, na ikafika juu 1912. Chini yake umelala Aletsch, mto wa barafu mrefu kuliko yote ya Alpi, takriban kilomita 20, na eneo hilo liko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Barafu hiyo inapungua kama ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mimi niliyekua nikiitazama Kibo kila asubuhi, niliposimama pale mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Bei ni kubwa: bila kadi ya punguzo, kwenda na kurudi kutoka Interlaken msimu wa joto huzidi faranga 200. Ndiyo maana nasisitiza kamera. Msimu wa joto viti hujaa, basi weka nafasi jioni ya kuamkia siku hiyo, ukishaona utabiri.

Watu wa Kilimanjaro watanielewa nikisema kituo hicho, kwa urefu, kiko kati ya vibanda vya wapandaji vya Mandara na Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unafikia siku ya pili, hapa unafikishwa kwa takriban saa mbili ukiwa umeketi. Mwili haujapewa muda. Tembea polepole, kunywa maji, usikimbilie theluji kupiga picha za kuruka. Mwenye matatizo ya moyo au mjamzito amuulize daktari kwanza.

Kama fedha inatosha jambo moja tu, na kugusa theluji si lazima, mimi ningechagua Männlichen, kilele kilicho kati ya Wengen na Grindelwald, badala ya Jungfraujoch. Milima mitatu unaiona yote kwa pamoja mbele yako, kwa bei ndogo zaidi, na unaunganisha na matembezi ya hatua inayofuata.

7. Tembea kwa miguu, lakini soma alama. Vibao vya njano huonyesha njia na muda. Muda huo ni wa kutembea bila kupumzika. Ukiwa na watoto uongeze nusu yake.

- Njano tupu: njia ya kawaida.
- Nyeupe, nyekundu, nyeupe: njia ya mlima. Inataka viatu imara na mtu asiyeogopa miteremko.
- Nyeupe, buluu, nyeupe: ya wazoefu wenye vifaa. Wewe achana nayo.

Njia ninayowapeleka wageni wote ni ya Männlichen hadi Kleine Scheidegg. Ni takriban saa moja na nusu, kwa sehemu kubwa inateremka taratibu, na Eiger iko mbele yako muda wote. Ukifika Kleine Scheidegg, mita 2,061, unashuka kwa treni ya reli ya meno upande wowote utakao. Nyingine rahisi ni Grütschalp hadi Mürren, ng'ambo ya bonde, yenye maua mengi Julai.

Ukikutana na mtu njiani, msalimie. Huku Bern husema "Grüessech". Watu ambao mjini hupita kimya, mlimani wanasalimiana wote, na ukiwahi wewe kuanza utaona nyuso zinavyofunguka.

Utavuka malisho yenye waya wa umeme. Shika mpini wa plastiki, fungua, pita, rudisha. Ukiuacha wazi, ng'ombe wa mtu watatawanyika. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie kwa mbali. Usimshike ndama hata akikufuata. Kila mwaka kuna watu wanaoumizwa na ng'ombe wanaolinda watoto wao.

8. Siku ya mawingu, shuka ziwani. Hii si siku ya kulala hotelini. Panda meli Interlaken Ost hadi Brienz, mwendo wa saa moja na kitu. Rangi ya ziwa hilo, kijani chenye buluu kama maji ya kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, hutokana na unga laini wa mawe uliosagwa na barafu na kuletwa na mito.

Brienz ni mji wa wachongaji mbao, na shule yao ya uchongaji ipo tangu 1884. Anayevijua vinyago vya Wamakonde atasimama madirishani muda mrefu. Kutoka kituoni, basi linakupeleka Ballenberg, jumba la makumbusho la wazi lililofunguliwa 1978. Nyumba za zamani zaidi ya 100 kutoka kila pembe ya Uswisi zilifumuliwa, zikaletwa hapa na kujengwa upya. Ingia kwenye jiko la moshi, lisilo na dohani. Dari ni jeusi ti kwa masizi, nyama zilikuwa zikining'inizwa juu ya moto, na harufu ile ya kuni iliyoingia kwenye mbao ni ya jiko la bibi yangu kabisa. Tenga saa nne. Hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba.

9. Wafuate ng'ombe. Utamaduni wa watu hawa umejengwa juu ya safari ya mifugo. Mwanzo wa kiangazi wafugaji hupandisha ng'ombe malisho ya juu, hukaa nao huko na kutengeneza jibini, na Septemba hushuka. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza msimu huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Siku ya kushuka, ng'ombe huvishwa mataji ya maua na kengele kubwa shingoni. Utawasikia kabla hujawaona: kwanza mlio mzito ukitoka msituni, halafu barabara nzima inajaa. Kaa pembeni, usisimame katikati kwa ajili ya picha.

Katika bonde la Justistal, juu ya ziwa Thun, kuna siku ya Septemba ya kugawana jibini, Chästeilet. Kila mwenye ng'ombe hupata fungu kulingana na maziwa waliyotoa ng'ombe wake kiangazi kizima. Tarehe ulizia ofisi ya utalii wiki chache kabla.

Usipokuja Septemba, nunua jibini ya malishoni, Alpkäse, kwa mfugaji mwenyewe. Mara nyingi hutakuta muuzaji: kuna friji ndogo ukutani, bei imeandikwa kwa kalamu, na kikopo cha fedha. Unachukua, unaweka sarafu, unaondoka.

10. Kula kwa kuuliza. Kwa Waislamu na wasiokunywa pombe: fondue hupikwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya cheri. Wahudumu hawatakutajia, kwao ni jambo la kawaida. Rösti, viazi vya kukwaruza na kukaanga, mara nyingi huwa na nyama ya nguruwe. Sema "ohne Speck". Raclette, jibini ya kuyeyushwa juu ya viazi, kwa kawaida haina divai ndani yake, lakini uliza. Maji usinunue: mabomba ya vijijini hutoa maji safi ya kunywa, isipokuwa palipoandikwa "Kein Trinkwasser".

Ukikwama

*Mawingu siku zote nne.* Usilazimishe kilele. Nenda Trümmelbach, Ballenberg, mapango ya St. Beatus kando ya ziwa Thun, na ngome ya mji wa Thun. Na ukubali kwamba ile tiketi ya faranga mia mbili bado iko mfukoni mwako.

*Kichwa kinauma au kichefuchefu huko juu.* Panda treni inayofuata ya kushuka. Dawa ya maumivu hailingani na kushuka mita elfu moja.

*Umekosa gari la mwisho.* Hili huwapata sana watu wetu kwa sababu ya saa. Ubao unasema 17:45, mmoja anasoma saa kumi na moja na dakika arobaini na tano, mwingine anasoma saa tano, mwingine saa kumi na saba. Piga picha ubao wa kurudi kabla hujaondoka kituoni, na mkubaliane kwa tarakimu. Likishaondoka, pigia simu ulikolala. Usianze kushuka msituni gizani.

*Radi imekukuta njiani.* Shuka kutoka mgongoni mwa mlima, ondoka chini ya mti uliosimama peke yake, jitenge na nyaya na uzio wa chuma.

*Hakuna chakula, ni Jumapili.* Maduka mengi hufungwa. Jaribu yale ya kwenye vituo vya treni, na wiki ijayo nunua Jumamosi.

*Umeumia au umepotea.* Piga 1414, waokoaji wa Rega, au 144 kwa gari la wagonjwa, au 112. Simu isiposhika, toa ishara sita kwa dakika moja, kwa filimbi, tochi au sauti, pumzika dakika moja, rudia. Atakayekusikia atakujibu kwa tatu. Helikopta ikija na unahitaji msaada, inua mikono yote miwili juu kama herufi Y. Kama huhitaji, inua mmoja tu na mwingine ushushe.

*Simu imezimika ikiwa na chaji.* Ni baridi. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, nayo mara nyingi hurudi. Namba hizo tatu ziandike kwenye karatasi kabla hujatoka.